Elimu ya Amani na Utatuzi wa Migogoro Chuoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiratibu mafunzo haya katika chuo kikuu cha umma nchini Kenya, na maswali hayabadiliki sana. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huuliza ya mwanzo, viongozi wa wanafunzi huuliza ya katikati, na yale ya mwisho huulizwa faraghani mlango ukiwa umefungwa. Nimeyapanga kwa mtiririko huo. Mifano mingi ni ya Kenya, na pale ambapo Tanzania au nchi jirani zina jambo la kutufundisha nimelitaja.

## Mambo ya msingi

Elimu ya amani ni nini hasa? Si ni kuombea nchi tu?

Kuombea nchi ni jambo jema, lakini si elimu hii. Elimu ya amani na utatuzi wa migogoro ni mchanganyiko wa maarifa na stadi: kuelewa kwa nini watu wanagombana, kutambua dalili za ugomvi unaoelekea kuwa wa vurugu, kusikiliza bila kuhukumu, kujadiliana, kusaidia pande mbili zizungumze, na kujenga taratibu zinazofanya ugomvi uliotatuliwa usirudi. Hujifunzwa kama uuguzi au useremala unavyojifunzwa. Kitabu kinasaidia, lakini mikono ndiyo inayoiva.

Kama taaluma ya chuo kikuu haina umri mkubwa. Johan Galtung alianzisha taasisi ya utafiti wa amani mjini Oslo mwaka 1959. Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza, kilifungua idara yake mwaka 1973, na mwaka 1980 Umoja wa Mataifa ukaanzisha Chuo Kikuu cha Amani nchini Costa Rica. Lakini kazi yenyewe ya kupatanisha watu ni ya kale kuliko taasisi zote hizi, na kwetu ilifanyika chini ya miti, barazani na misikitini kabla ya shahada ya kwanza kuandikwa.

Amani si ni pale watu wasipopigana?

Hiyo ni sehemu yake ndogo. Galtung alitofautisha amani ya kutokuwepo vita na amani ya kuwepo haki, na mwaka 1969 akaandika kuhusu ukatili uliojengwa ndani ya mfumo: mtu haumizwi kwa rungu, anaumizwa kwa mpangilio wa mambo. Mwanafunzi anayelala njaa kwa sababu mkopo wake umechelewa miezi minne hajapigwa na mtu, na bweni lake linaweza kuwa kimya kabisa. Kimya hicho hakituambii kwamba mambo ni shwari.

Je, mgogoro ni jambo baya?

Hapana. Mgogoro unatueleza kuwa kuna haja ambayo haijasikika. Kibaya ni namna tunavyouendesha. Vyuo vingi ninavyovijua vinaogopa mgogoro kiasi kwamba vinaufunika, halafu unafumuka kama mgomo.

Upatanishi, usuluhishi na uamuzi vina tofauti gani?

Katika mazungumzo ya kawaida tunayachanganya maneno haya, na hakuna anayeumia. Darasani tunayatenganisha kwa swali moja: nani ana neno la mwisho? Kwenye majadiliano, pande zenyewe zinaafikiana bila mtu wa tatu. Kwenye upatanishi au usuluhishi, mtu wa tatu anaongoza mazungumzo lakini hana mamlaka ya kuamua. Kwenye uamuzi, mtu wa tatu anasikiliza kisha anatoa hukumu inayozifunga pande zote. Nchini Tanzania tofauti hii imo katika jina la chombo cha migogoro ya kazi, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: kwanza mnasaidiwa kuelewana, mkishindwa mnaamuliwa.

Nchini Kenya, Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinazitaka mahakama ziendeleze njia mbadala za kutatua mizozo, zikiwemo upatanishi na mbinu za jadi, mradi mbinu hizo zisikiuke haki za binadamu. Sharti hilo la mwisho lina uzito. Litarudi katika swali la unyanyasaji wa kingono.

Kwa nini chuo kikuu? Si tuna wazee, na penye wazee haliharibiki neno?

Wazee tunao, na tunawahitaji. Lakini tukumbuke yaliyotokea Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, hadi mapema 2008. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na mamia ya maelfu wakayahama makazi yao. Wazee walikuwepo. Wengine waliokoa maisha ya majirani, na wengine walikaa kwenye vikao vilivyopanga nani afukuzwe. Vijana ndio waliotumwa barabarani. Anayetumwa anahitaji elimu ya kukataa, na wakati mzuri wa kumpa ni akiwa mahali ambapo, pengine kwa mara ya kwanza, analala chumba kimoja na mtu wa jamii nyingine.

Upatanishi pia haukuwahi kuwa wa wazee wanaume peke yao. Mapema miaka ya 1990, koo za Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, zilipokuwa zikipigana, wanawake wa koo mbalimbali, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, walianzia sokoni: walihakikisha mwanamke wa ukoo wowote anauza na kununua bila kubughudhiwa. Kutoka hapo wakawafikia wazee, vijana na maofisa wa serikali, na mfumo wa kamati za amani uliokulia Wajir ukaja kuigwa sehemu nyingine za nchi. Dekha alipata Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki mwaka 2011. Kila muhula darasa langu la kwanza huanza na soko lile, kwa sababu halikuhitaji bajeti wala kibali, lilihitaji watu waliochoka kuzika.

## Kuhusu masomo yenyewe

Kuna shahada ya masomo haya Afrika Mashariki?

Zipo. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini Kakamega kina masomo ya amani na migogoro, na Chuo cha Hekima jijini Nairobi kina taasisi ya masomo ya amani na uhusiano wa kimataifa tangu 2004. Uganda kuna Makerere na Gulu, na Gulu ina uzito wa pekee kwa sababu iko katikati ya eneo lililoteswa na vita vya waasi wa Lord's Resistance Army. Rwanda ilianzisha kituo cha masomo ya migogoro katika chuo kikuu chake cha taifa, Butare, mwaka 1999, miaka mitano tu baada ya mauaji ya kimbari. Masharti ya kujiunga na karo hubadilika, kwa hiyo ulizia chuoni moja kwa moja.

Nasomea uhandisi. Yananihusu nini?

Utajenga barabara itakayopita kwenye shamba la mtu, au utachimba kisima kati ya vijiji viwili vya wafugaji. Ukikiweka mahali pabaya, watu watauana juu ya maji uliyowaletea kwa nia njema. Ndiyo maana napendelea somo hili liwe la vitivo vyote, hata likiwa la saa chache, badala ya kufungiwa katika idara moja.

Darasani mnafanya nini?

Tunaanza na kusikiliza, na ndiko wengi wanakoanguka. Wanafunzi wanakaa wawili wawili. Mmoja anasimulia kwa dakika tatu jambo lililomuudhi. Mwenzake haruhusiwi kujibu, kushauri wala kusema "hata mimi". Kisha anarudia alichosikia kwa maneno yake, na anaendelea kurekebisha mpaka msimulizi aseme "ndivyo." Nimeona wahadhiri wenye shahada za uzamivu wakishindwa zoezi hili mara tatu mfululizo.

Baada ya hapo tunachora mti wa mgogoro: mizizi ni sababu, shina ni tatizo linaloonekana, matawi ni madhara. Mfano ninaoutumia ni wa chumba cha wasichana wawili waliofika kwangu kwa ajili ya taa. Mmoja alisomea uuguzi na aliamka saa kumi na moja alfajiri kwenda wodini. Mwingine alifanya kibarua mchana kwenye duka la fotokopi, kwa hiyo alisoma mpaka saa nane usiku. Huyu anasema "zima", yule anasema "acha". Msimamo ni taa, lakini haja ya mmoja ni usingizi na ya mwingine ni muda wa kusoma, na haja hizo mbili hazipingani. Taa ndogo ya mezani ingetosha.

Wakainunua. Baada ya wiki moja wakarudi wamegombania ndoo. Safari hii niliacha kutafuta suluhu, nikauliza ni lini mara ya kwanza waliacha kusalimiana. Kumbe wiki ya pili ya muhula mmoja alikuwa amecheka lafudhi ya mwenzake mbele ya wageni, akaongeza neno kuhusu "watu wa kwenu". Huo ndio uliokuwa mzizi. Msamaha ulichukua alasiri nzima, na ndoo haikutajwa tena. Ninausimulia mfano huu kwa idhini yao, kwa sababu unaonyesha kosa langu la mwanzo waziwazi: nilitibu shina.

Tunafanya pia maigizo ya mashauriano makubwa. Darasa linagawanywa kuwa pande mbili na jopo la wapatanishi, tukitumia mazungumzo ya Nairobi ya 2008 yaliyoongozwa na Kofi Annan pamoja na Graça Machel na Benjamin Mkapa, hadi mkataba wa 28 Februari. Au mazungumzo ya Burundi mjini Arusha, aliyoyaongoza Mwalimu Nyerere mpaka alipofariki mwaka 1999, akapokewa na Nelson Mandela, na mkataba ukatiwa saini 28 Agosti 2000. Wanafunzi hushangaa kuona mkataba unavyotiwa saini huku baadhi ya makundi yenye silaha yakiwa nje ya chumba, na vita vikaendelea. Somo hilo haliingii kwa hotuba.

Nitapata kazi?

Swali la haki kabisa, hasa kwa anayesoma kwa mkopo. Wahitimu huajiriwa na mashirika ya misaada, serikali za kaunti, tume za taifa, makanisa, jumuiya za Kiislamu na idara za rasilimali watu. Lakini sitakudanganya: nafasi zenye jina "ofisa wa amani" ni chache na nyingi ni za mikataba mifupi. Ushauri wangu ni uunganishe stadi hizi na taaluma nyingine, kama sheria, ualimu, ardhi au afya.

Nimehudhuria warsha ya siku mbili. Naweza kujiita mpatanishi?

Hapana. Unaweza kuwasaidia wenzako hosteli, na fanya hivyo. Lakini upatanishi ulioambatanishwa na mahakama, ulioanza kwa majaribio Nairobi mwaka 2016, una kamati inayoidhinisha wapatanishi, na mafunzo yake kwa kawaida huchukua saa zipatazo 40. Kwa msomaji wa Tanzania: tangu marekebisho ya sheria ya 2021, baraza la kata linapatanisha tu katika migogoro ya ardhi, haliamui. Ujue mpaka wako kabla ya kukaa katikati ya watu.

## Kuanzisha kazi hii chuoni

Hatuna fedha. Tuanzie wapi?

Anzieni na watu sita hadi kumi wa jamii, dini na miaka tofauti ya masomo, mahali pa kukaa, na siku moja ya wiki isiyobadilika. Fanyeni mazoezi ya kusikiliza niliyoyaeleza hapo juu kwa mwezi mzima kabla ya kujitangaza. Kisha chukueni migogoro midogo: vyombo, kelele, koili ya kupikia inayokata umeme, rafiki anayelazwa chumbani bila wenzake kuulizwa. Msiandike majina. Mwombeni mhadhiri mmoja wanafunzi wanayemwamini awe mlezi. Asiwe yule mwenye cheo kikubwa zaidi.

Fulana na mabango vije mwishoni, au visije kabisa.

Tunaweza kusubiri uchaguzi mkuu ukikaribia?

Hapo ndipo fedha za wafadhili hufika, na hapo ndipo kazi huwa imechelewa. Uchaguzi wa Kenya unafuata kalenda inayojulikana, Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hiyo wa 2027 haupaswi kumshtua mtu. Urafiki unaohitajika usiku ambao matokeo yanatangazwa haujengwi kwa miezi mitatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa 2008 bado tunaulipia.

Vyama vya wanafunzi wa kaunti au kabila moja vifutwe?

Sikubaliani na wanaotaka vifutwe. Mwanafunzi aliyetoka Mandera au Turkana, aliyefika mjini bila ndugu, anavihitaji: ndivyo humchangia nauli msiba unapotokea nyumbani. Shida huanza wanasiasa wanapovifadhili ili viwe daftari la kura. Sheria ya vyuo vikuu ilipobadilishwa mwaka 2016, uchaguzi wa wanafunzi ukafanywa kupitia wajumbe, ikitarajiwa kupunguza vurugu, na makomredi wengi wakalalamika kuwa wamenyimwa kura yao ya moja kwa moja. Mimi ningeanzia kwingine: vyama viwili vya kaunti zinazotazamana kwa jicho baya vipewe kazi moja ya pamoja kila muhula, yenye fedha kidogo na hesabu ya wazi.

Tuendeshe vikao kwa lugha gani?

Kwa lugha ambayo mtu hulia nayo. Kiingereza hutupa maneno ya ripoti, na mwanafunzi akikasirika kwa Kiingereza mara nyingi anakuwa anajilinda. Kiswahili kwetu ni uwanja usio na mwenyewe, hakuna kabila linalodai ushindi kikitumika, na kina adabu zake za kuanza jambo gumu: kuomba radhi kabla ya kusema, kusalimia kwanza, kumtanguliza mwenzako. Sheng' ikija, iacheni ije. Lugha ya mama itumike kwa ridhaa ya wote waliomo chumbani, na itafsiriwe palepale.

Uongozi wa chuo unasema tunachochea. Tufanyeje?

Nimepitia hili, na naliandika kwa moyo mzito. Kuna chuo kilichopanda mti wa amani mbele ya kamera, na mwezi uliofuata kikawasimamisha masomo wanafunzi kadhaa bila kuwasikiliza. Wanafunzi walijifunza somo la pili, si la kwanza. Namna chuo kinavyoendesha ugomvi wake ndiyo silabasi yake halisi ya amani, hata kama hakina idara.

Kwa hiyo nendeni kwa mkuu wa wanafunzi na ombi dogo, lenye faida kwake: kabla kesi ndogo haijafika kamati ya nidhamu, pande zipewe nafasi ya kupatanishwa kwa hiari. Mkumbusheni kwa heshima kwamba Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya hatua ya kiutawala iliyo ya haki, pamoja na sababu za maandishi pale haki yake inapoathiriwa. Mleteeni kesi tatu zilizokwisha salama. Uongozi huogopa makundi usiyoyajua, hauogopi watu uliowaona wakizima ugomvi saa sita usiku.

## Maswali magumu

Kuhubiri amani si kuwanyamazisha vijana?

Mara nyingine ndivyo imekuwa. Katika chaguzi zilizofuata 2008, neno amani lilitumiwa na baadhi ya watu kuzima malalamiko halali, na vijana walioandamana mwaka 2024 dhidi ya mswada wa fedha walikuwa na haki ya kulishuku. Kifungu cha 37 cha Katiba kinalinda haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani bila silaha. Mwalimu wa amani anayemwambia mwanafunzi asiandamane amekosea kazi. Kazi yetu ni kumsaidia adai bila kuumiza wala kuumizwa, ajue anadai nini na kwa nani, na kumwambia mwenye mamlaka kwamba ukimya hautarudi mpaka hoja ijibiwe.

Mgomo unaanza kesho asubuhi. Klabu yetu ifanye nini usiku huu?

Tafuteni mambo matatu. Madai ni yapi, yakiandikwa kwa sentensi moja moja? Nani hasa ana uwezo wa kuyajibu, kwa maana mara nyingi si yule anayezomewa? Na ni dai gani moja linaweza kujibiwa kabla ya saa nne asubuhi? Fikisheni madai kwa mkono, ombeni jibu lenye saa. Msiahidi kwa niaba ya upande wowote. Vitoa machozi vikianza kurushwa kazi yenu inageuka: kuwatoa majeruhi na kujua nani hajarudi chumbani.

Mhadhiri amemnyanyasa mwanafunzi kingono. Tuwapatanishe?

Hapana. Upatanishi unadai pande zinazoweza kukataa, na mwanafunzi ambaye alama zake ziko mikononi mwa mhadhiri hawezi kukataa. Makosa ya kingono ni jinai chini ya sheria ya 2006, na hayafutwi kwa kikao cha familia wala kwa fidia. Msindikize apate matibabu mapema, ikiwezekana ndani ya saa 72 kwa ajili ya dawa za kuzuia VVU, na asaidiwe kuripoti akitaka. Mwongozo huu unahusu pia ubakaji kati ya wanafunzi na kipigo cha mara kwa mara kati ya wapenzi.

Grupu la darasa la WhatsApp limejaa matusi ya kikabila. Ni la kupatanisha au la polisi?

Inategemea. Utani uliovuka mpaka, kama ule wa lafudhi katika swali la darasani, unaweza kushughulikiwa kwa mazungumzo ya ana kwa ana, kamwe si ndani ya grupu lenyewe mbele ya watu mia mbili. Uchochezi wa chuki ni kosa: sheria ya utangamano wa kitaifa ya 2008 inaweka faini isiyozidi shilingi milioni moja, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Ukiona watu wanatajwa kwa nyumba wanazoishi, usisubiri kikao.

Elimu hii ingezuia shambulio la Garissa?

Hapana, na anayedai hivyo anawakosea heshima marehemu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Bunduki zile zilihitaji ulinzi na taarifa za kiusalama zilizofanyiwa kazi kwa wakati. Kazi ya elimu hii ilikuja baadaye: wauaji waliwatenganisha wanafunzi kwa dini, wakitaka mgawanyiko huo ubaki hata wao wakishaondoka. Kila chumba cha hosteli ambamo Mwislamu na Mkristo waliendelea kuishi pamoja mwaka ule kiliwanyima walichokitaka.

Upande mmoja unakataa kukaa. Tumekwama?

Kaeni na upande ulio tayari, na upande wa pili ufikishieni ujumbe kupitia mtu unayemwamini. Wakati mwingine kukataa ni jibu: anayekataa anaogopa kikao kitamfichua, au alikwisha kudanganywa kwenye kikao kingine. Muulizeni angehitaji nini ili kiti kiwe salama, kisha mwachieni muda.

Familia yetu ilipoteza mtu mwaka 2008. Mnatarajia nisamehe?

Hakuna mtu katika mafunzo haya atakayekudai msamaha. Wengi wanaouliza swali hili sasa walikuwa wachanga wakati ule au hawakuwa wamezaliwa, wamerithi picha ukutani na jina wasiloruhusiwa kulitaja nyumbani. Mahakama za gacaca nchini Rwanda, zile za kijamii zilizoshughulikia mauaji ya kimbari, zilisikiliza karibu kesi milioni mbili hadi zilipofungwa mwaka 2012, na bado wapo manusura waliosema ukweli wao bila kusamehe, na walikuwa na haki hiyo.

Unaweza kuja, ukae karibu na mlango, usiseme neno muhula mzima. Ukitaka kuzungumza na mshauri nasaha peke yako kwanza, tutakupeleka. Na siku utakapotaka kutaja jina lake, tutasimamisha somo tukusikilize.